Roza Hana Mtoto

Jumanne, 27 Februari 2024. Maguu

Nimefika. Nimetapika mara mbili — mara ya kwanza kwenye kona za mlimani, ya pili hapa hapa mlangoni kwa Mama. Wenzangu nimewaambia ni barabara. Dereva akanuna. Akasema barabara hii amewahi kupita na askofu mzima na hakutapika. Haya, bwana.

Wenzangu wanalala gesti Mbinga mjini. Mimi nimeomba nikae kwa Mama, maana lokesheni iko mteremko wa pili tu kutoka kwetu. Dairekta wetu, kaka Bartholomayo — kila mtu anamwita Batho — alikubali upesi. Alisema vizuri sana, Roza alale Maguu anuke moshi wa kuni.

Roza ndiye mimi, kwenye tamthilia. Msichana wa shamba la kahawa, hajaolewa, kaka yake anataka kuliuza shamba la marehemu baba yao na yeye hataki. Vipande ishirini na sita, na nimo kwenye vyote! Miaka kumi naigiza. Jukwaani Songea, redioni, sauti ya mke mdogo, sauti ya mzimu, siku moja hata sauti ya mbuzi kwa sababu mbuzi mwenyewe aligoma. Leo jina langu limeandikwa la kwanza kwenye karatasi. Anjelina. La kwanza!

Na nina mimba ya miezi minne. Anayejua ni mume wangu Tobias tu, kule Mbamba Bay, na daftari hili.


Jumatano, 28 Februari

Dada Luisa wa mavazi amenivalisha ile sketi niliyoshutia mwezi wa kwanza. Zipu imegoma. Alinitazama usoni, si tumboni. Akachukua mkasi, akahamisha kifungo, akasema kwa sauti ili wote wasikie: huyu amekuta maharage ya kwao, amesahau kwamba kuna watu wanashona.

Tulipobaki wawili akauliza, miezi mingapi? Nikalia. Sijui kwa nini, swali lenyewe lilikuwa fupi tu.

Kumbe naye! Zamani hizo alikuwa nyota. Nilikuwa shule ya msingi, tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye televisheni kumwangalia. Alipopata mimba alikwenda kuwaambia mwenyewe, kwa uaminifu, mimba ikiwa ya miezi mitatu. Wiki iliyofuata mwandishi akamgongesha lori. Kwenye skripti. Wakamwambia lea kwanza, tutakuita. Akalea. Akaanza kushona nguo za wenzake ili asikae mbali na kamera. Mtoto sasa yuko kidato cha sita na simu haijaita.

Ameniambia nisiseme mpaka tumeshuti vipande vingi, washindwe kuvitupa. Nikamwuliza, si ni kudanganya? Akajibu nimwulize padri, yeye ni fundi cherehani.

Kwenye mkataba kuna mstari: msanii hatabadili mwonekano wake. Niliusoma nikasaini. Nilidhani wanasema nywele!


Ijumaa, 1 Machi

Mungu wangu. Siku gani hii.

Leo ilikuwa zamu ya ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Roza anachimba ngoro na wanawake wa kijiji, kaka yake anakuja na mnunuzi wa shamba, Roza anainua jembe na kusema hapauzwi hapa. Siini nzuri kuliko zote. Batho hakutaka wasanii wa kuigiza kuchimba, alitaka wachimbaji. Akakodi wanawake kumi na wawili wa kundi moja la pale pale, wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Kiongozi wao ni Mama Hyasinti. Nimesoma na mwanawe.

Wanaume walikwisha kufyeka na kupanga majani kwa miraba mteremko mzima. Wanawake ndio wanaochimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, shimo moja hadi jingine, mpaka chini. Tukajipanga. Kamera. Nikainama.

Kabla jembe langu halijagusa chini, mama wa kushoto kwangu akachimba mraba wangu. Kata! Batho akasema kwa upole: mama zangu, kila mtu achimbe wake. Wakaitikia sawa, baba.

Mara ya pili, mama wa kulia akanichimbia. Kata!

Mara ya tatu nikawahi, nikapiga majembe mawili ya haraka. Mama Hyasinti akatoka mwisho wa mstari, akakatiza mteremko wote ule, akaja kuniondolea jembe mkononi taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Batho akapandisha sauti: mama, huyu ni Roza, ni lazima achimbe!

Mama Hyasinti akasema yeye hana neno na Roza. Roza achimbe mpaka ziwani akitaka. Lakini huyu Anjelina, binti wa Getrude, ana mimba, na kwenye kundi letu mwenye mimba hashiki jembe la ngoro. Mstari wake tunachimba sisi, na zamu yake inahesabiwa vilevile. Ndiyo desturi yetu, baba. Maigizo ni yenu, jembe ni letu.

Na mimi nina maiki kifuani! Kijana wa sauti akavua zile spika za masikioni, akaziweka juu ya boksi kama kitu kinachounguza. Batho akanitazama. Nikatazama majani.

Walinijuaje? Mama Hyasinti alicheka nilipomwuliza. Nilivyoinama, alisema. Magoti mbalimbali, mkono mmoja kiunoni. Wewe unaweza kumdanganya mzungu wa kamera — Batho ni Mngoni wa Peramiho! — lakini hapa kila mmoja amezaa.

Niwachukie? Nimejaribu. Siwezi. Wamenimalizia kazi yangu kwa mapenzi yao. Mmoja alinipa na ndizi mbivu ya njiani.


Jumamosi, 2 Machi

Asubuhi yote Batho alikuwa kwenye kilima cha nyuma kutafuta mtandao. Nilimwona kutoka jikoni kwa Mama, anatembea huku na huku, mkono hewani. Anaongea na Bosi, mwenye kampuni, aliyeko Dar. Upepo ulileta maneno mawili matatu. Miezi minne. Hapana. Hapana, Bosi.

Akashuka. Nikamwamkia, akaitikia, tukakaa kwenye magunia. Akasema hakukasirika kwa mimba. Amekasirika kwa kuisikia kwenye maiki mbele ya watu kumi na wanane. Hapo alinikamata. Nikamwomba radhi kwa moyo.

Halafu hasira yangu nayo ikapanda. Nikamwambia, kaka, wewe una watoto watatu. Walipozaliwa, nani alipiga simu Dar kuuliza kama bado unaweza kusema kata? Akacheka, lakini macho hayakucheka. Akasema, Anje, hilo ni kweli, na hata hivyo Bosi anataka nikubadilishe.

Kilichoniokoa ni vile vipande kumi na viwili tulivyoshuti Januari. Kuvirudia hakuwezekani. Basi tumekubaliana: awamu hii nitamaliza, kwa kufichwa. Uso wangu, na mgongo wa mtu mwingine. Jumatatu analetwa msichana kutoka kikundi cha Songea, anaitwa Edina, urefu wetu sawa. Awamu ya pili, ya ziwani, ni Novemba. Hiyo, alisema, tutaona.


Jumapili, 3 Machi

Misa. Kisha Mama.

Alikuwa amenuna tangu juzi, nikadhani ni aibu. Wapi! Alijua tangu Jumanne niliposhuka kwenye gari. Kilichomuuma ni kusubiri siku nne nimwambie, halafu akaambiwa na mteremko mzima. Akatoa kwenye mkoba wangu ule udongo ninaotafuna, kauweka mezani. Kwaresima nyama umeacha, mwanangu, udongo umekushinda?

Nikacheka mpaka nikalia, naye akalia. Akanikorogea uji wa ulezi, akakaa karibu, akaweka kiganja tumboni juu ya kanga. Alikaa hivyo hivyo mpaka uji ukapoa. Nampenda mama huyu jamani, hata akinisema.

Akauliza kwani huyo Roza wenu hawezi kuzaa? Shamba si litapata mrithi? Nikasema Mama, haipo kwenye skripti. Akasema basi aliyeandika hajawahi kuwa na shamba.


Alhamisi, 14 Machi

Mpaka leo nimefichwa nyuma ya: tenga la kahawa, tenga jingine, mlango, mwavuli, mbuzi. Mbuzi alihama katikati ya siini. Dada Luisa akanirushia kitenge kutoka nje ya kamera, nikakidaka na kujifunga bila kukatisha maneno yangu. Batho akapiga makofi. Imebaki hivyo hivyo.

Edina ni mtoto mzuri. Ananiita dada, anabeba kiti changu bila kutumwa. Mgongo wake ndio mgongo wa Roza sasa. Alikuwa anatembea kimjini, vidole kwanza. Nimemfundisha: Roza amekulia kwenye mteremko, anatua kisigino, bega la kushoto liko chini kidogo kwa miaka ya kubeba. Siku mbili ameshashika! Nilimtazama kwa nyuma leo nikashtuka. Nilijiona ninaondoka.


Ijumaa, 22 Machi

Tumemaliza. Mama Hyasinti na wenzake wameleta maharage, kila mmoja bakuli lake, eti ya mtoto. Batho kanikumbatia kwa ubavu, kuogopa tumbo. Kasema tutaonana Novemba, kama mambo yatakwenda sawa.

Hiyo "kama" nakwenda nayo mpaka Mbamba Bay.


Jumamosi, 15 Juni. Mbamba Bay

Tamthilia imeanza kurushwa wiki ya tatu sasa. Leo nimekwenda sokoni kununua usipa, dagaa wetu wa ziwani. Mama mmoja kanishika mkono. Wewe si Roza? Nikasema ndiye. Akashusha macho taratibu mpaka tumboni, miezi minane karibu, akafunika mdomo. Roza! Na juzi tu umemkatalia yule kijana wa watu!

Soko zima likacheka, na mimi nikacheka. Akanijazia usipa juu ya kipimo, kaniambia usimwambie kaka yako, atauza shamba.

Nikamsimulia Tobias, alikuwa anasahihisha mitihani ya hesabu ya kidato cha pili. Akaweka kalamu. Akasema unaona? Tumbo wameliona, na bado wamemwona Roza. Mwalimu huyu mpole. Wakati mwingine nataka kumpiga kwa wema wake.

Simu kutoka kampuni: hakuna.


Ijumaa, 9 Agosti

Jana, Nanenane, saa nne asubuhi. Wenzetu wakiwa kwenye maonyesho ya mahindi, mimi na maonyesho yangu. Msichana! Kilo tatu na robo. Beata.

Ana vidole virefu. Ana hasira. Nesi alisema huyu sauti yake inafika Malawi.

Siwezi kuandika. Nataka kumwangalia tu.


Jumatatu, 30 Septemba

Nimekuwa Mama Beata. Siku hiyo hiyo tu, kama watu walikuwa wamejipanga mlangoni. Jirani, Mama Beata. Muuza genge, Mama Beata. Tobias naye, Mama Beata, chai iko tayari. Nalipenda! Nikiitwa naitika kabla ya mtu kumaliza. Miezi mingi nilingoja jina hilo.

Leo Batho amepiga. Shikamoo, marahaba, hongera. Na yeye — Mama Beata, u mzima? Hapo nikajua. Batho hajawahi kuniita kitu kingine ila Anje au Roza.

Habari ni hizi. Novemba wanakuja kushuti hapa ziwani. Bosi amesema Roza awe Edina. Watazamaji watazoea kwa wiki mbili. Mgongo wameshauzoea! Na mimi sijasahaulika, la hasha. Nimepewa nafasi nzuri: mama yake Roza anarudi kutoka ng'ambo ya ziwa alikokuwa amepotelea.

Nikauliza, nani amuigize huyo mama? Akasema ni mimi. Nikasema kaka Batho, yaani niwe mama yangu mwenyewe? Nina miaka thelathini na moja. Edina ana ishirini na sita. Nilimzaa nikiwa chekechea?

Akasema kuna mvi za kupaka.

Mvi! Nimekata simu. Ndiyo mara ya kwanza nimemkatia mtu mzima simu.


Jumanne, 1 Oktoba

Jana nilikuwa mbaya kwa kila mtu. Tobias alikuwa anaanika nepi akiimba, nikamwambia aache kuimba. Akaacha. Nikalia kwa sababu ameacha.

Nimempigia Batho kuomba radhi. Amenieleza. Alimwomba Bosi, alimpa hata wazo la Mama kwamba Roza azae. Bosi akajibu maneno matatu: Roza hana mtoto. Eti watazamaji wanamtaka msichana, na kila mtu huko kwenye kundi la wasanii anasema Mama Beata, Mama Beata, sasa nitamwonaje msichana hapo?

Kwa hiyo ni heshima yangu iliyoniponza. Hakuna wa kumlaumu, wote wameniita kwa upendo, na mimi nimeitika kwa furaha. Lakini Batho ana wanawe watatu na hakuna anayemwambia Baba Fulani, kaa pembeni, kuna mvi za kupaka.

Nimemwambia: nipeni jaribio. Siini moja, mimi na Edina, Bosi atazame kwa macho yake. Akishamtazama Roza aseme nani ni Roza. Nikishindwa nitapaka mvi mwenyewe.

Amesema atajaribu.


Jumatano, 6 Novemba

Bosi amekubali. Jumamosi! Anakuja mwenyewe.

Mama ameshuka kutoka Maguu na debe la maharage na mkungu wa ndizi, joto limemkuta hapa anajipepea kwa mfuniko. Kazi yake ni kumshika Beata. Kwanza alimkagua miguu, masikio, kitovu, kisha akanikagua mimi. Umekonda usoni, matiti yako sawa. Asante, Mama.

Beata ananyonya kila saa mbili, hana saa lakini hakosei. Nimejaribu kumzoesha kikombe na kijiko, maziwa niliyokamua mwenyewe. Alimtemea Mama kwenye kilemba.


Ijumaa, 8 Novemba

Kundi la tamthilia limefika. Nimefurahi mno kuwaona! Kijana wa sauti ameomba kumbeba Beata, mtoto akamlalia kifuani, yeye hakutaka kumrudisha.

Dada Luisa ameshona gauni jipya la Roza wa ziwani. La bluu, shingo nyeupe, kitambaa chepesi. Moja tu, litavaliwa na wote wawili kwa zamu. Alipokuwa ananipima nikamwuliza, dada, kama ni wewe ungerudi? Pini zilikuwa mdomoni. Akazitoa zote, moja moja. Akasema: waliniambia nilee kwanza, nikaona ni maneno ya busara, nikaenda nyumbani. Sikuomba hata jaribio moja. Wewe umeomba. Akarudisha pini mdomoni.

Halafu Edina akaja, amekaa ukingo wa kitanda, anachezea vidole vya Beata. Kasema dada, nafasi hii ninaitaka. Siwezi kukudanganya. Mimi pia ni mara yangu ya kwanza. Nikasema najua, mdogo wangu. Nikamwambia ile sentensi ya mwisho ya Roza asiikimbie, ameze mate kwanza. Sijui kwa nini nimemwambia. Ila ndiyo inavyopaswa kusemwa, sasa ningefanyaje?


Jumamosi, 9 Novemba. Ufukweni

Naandika nimekaa kwenye jiwe, daftari gotini, Beata mkono wa kushoto. Mwandiko utakuwa hivi hivi.

Siini: Roza anafua ufukweni, maji mpaka magotini. Kaka yake amemfuata na karatasi za shamba. Anambembeleza, anamtukana, anambembeleza tena. Roza anasema maneno machache tu. Mwisho, juu ya kaburi la baba lililo shambani: "Baba amelala pale. Sasa nimuuze na yeye?"

Bosi ni mtu wa makamo, mnene, mkimya, ana adabu. Alinipa mkono, Mama Beata, hongera kwa mtoto. Akakaa kwenye kiti cha turubai chini ya mwavuli, miwani mbele ya televisheni ndogo.

Edina alitangulia. Nilisimama nyuma ya kamera nimtazame. Alitua kisigino. Bega likashuka. Na ile sentensi akameza mate kwanza — jamani, nilisisimka mwili! Alikuwa mzuri. Nilitaka awe mbaya kidogo, nisamehewe, lakini alikuwa mzuri. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga. Luisa akamvua gauni, akalipiga pasi ya makaa, akanivalisha.

Mama alimfunga Beata mgongoni, nikamwambia aende naye mbali, kule kwenye miti, asisikike. Alikuwa amenyonya kabla. Nilihesabu. Nina saa moja na nusu.

Kamera. Maji ya baridi magotini. Nikafua. Kaka akaja na karatasi zake. Nilikuwa nimerudi! Miezi minane sijasimama mbele ya kamera na Roza alikuwa hapo hapo, ananingoja na jembe lake. Hata kaka yule wa kuigiza aliniogopa, niliona.

Katikati ya matusi yake, Beata akalia. Kule mbali, kwenye miti. Kalia mara moja tu, Mama akamnyamazisha. Mara moja ilitosha. Nilisikia maziwa yanashuka, yale ya kuchoma, huwezi kuyaambia subiri. Gauni jepesi la bluu. Madoa mawili, kisha makubwa, kisha mpaka tumboni.

Nikaona Bosi ameondoa miwani. Nikaona mkono wa Batho umeinuka. Nikasema moyoni sasa anakata, na akikata nimekwisha.

Hakukata. Mkono ulikaa hewani tu.

Basi nikaendelea. Sikufunika, ningefunika na nini? Nikasimama wima ndani ya maji na madoa yangu. Nikatazama karatasi za yule kaka, nikatazama kule milimani, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia. Haikuwa kali. Ilikuwa imechoka, na haiendi popote. Baba amelala pale. Sasa nimuuze na yeye?

Halafu Batho akasema kata, polepole, kama hakupenda.

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana wa sauti alikuwa anafuta macho kwa fulana. Edina kaja majini na viatu vyake, kanishika mkono kunitoa. Nikakimbia mpaka kwenye miti. Mama alikuwa anaomba radhi, nimemlaza, mwanangu, nimemlaza, sijui nini kimemwamsha. Nikamwambia Mama, nipe mtoto.

Hiyo ni nusu saa sasa. Bosi na Batho wamekaa kwenye gari, milango wazi. Naona mikono ya Batho inaongea. Ya Bosi imekunjwa. Nadhani nilisikia "Roza hana mtoto" tena. Nadhani pia nilisikia Batho akisema uliona au hukuona? Tobias amekuja mbio kutoka kwenye masomo ya ziada, chaki mkononi, amekaa chini ya jiwe langu.

Amekuja msaidizi wao. Kasema Bosi anataka kumwona Edina mara moja zaidi, jua likiwa bado zuri, basi nivue gauni apewe.

Nilianza kufungua kifungo. Haki ya Mungu nilianza, mkono ulikwenda wenyewe. Dada Luisa akanishika kiganja. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akamwambia yule: kamwambie Bosi gauni lina mtu. Edina, amesimama hapo hapo na miguu imelowa, akasema mimi pia silivai.

Edina! Nilitaka kumwambia asijiharibie. Mama alinibana bega.

Msaidizi amerudi kwenye gari. Anaeleza, anaonyesha huku kwa kidole. Sasa milango inafungwa nyuma yao. Bosi ameshuka. Hajamtuma mtu, anakuja mwenyewe, viatu vyake vya mjini vinazama mchangani, Batho nyuma yake. Uso wake siuelewi, jua liko mgongoni kwake.

Mtu mzima anakuja, na mimi nimekaa. Mama ananinong'oneza niinuke nimsalimie. Beata ndiyo kwanza nimemhamishia titi la kulia, na ameshika vizuri. Siinuki.